Baba yangu, gome la mlimani, na mkojo uliokataa kutoka



Leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Naandika juu ya mkojo wa wazee. Wenye kucheka mcheke kwanza, nangoja. Mkimaliza tuendelee, sababu jambo hili lilikaribia kuniondolea baba, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu mimi mwenye lisansi.

Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya mti mmoja wa milima ya Lubero. Wataalamu wanauita Prunus africana. Wafanyabiashara wa Butembo wanaujua kwa jina lake la zamani, pijeumu. Nilipanda na kushuka vilima wiki nyingi nikihesabu mashina, nikipima unene, nikiandika ni miti mingapi imechunwa gome. Katika utangulizi niliandika, kama kila mwanafunzi anayeshughulika na mti huo, kwamba gome lake linapelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya prostati iliyokua. Neno "prostati" nililiandika mara nyingi sana. Lakini kama mwalimu mmoja angeniuliza siku ya kutetea kazi, "Inakaa wapi mwilini?", ningetazama dari.

Siku hiyo ya kutetea, baba alikuja na koti lake la harusi. Nilikuwa nimemwekea kiti cha mbele. Akakikataa, akaenda kuikaa nyuma karibu na mlango. Nilifikiri ni unyenyekevu wa mtu wa kijiji. Katikati ya maelezo yangu nilimwona ametoka, amerudi, ametoka tena. Niliudhika kidogo, nasema ukweli. Ilinichukua karibu miaka 2 kuelewa kwamba mzee yule alikuwa anachagua kiti kila mahali, kanisani, matangani, ndani ya basi, kwa kupima umbali wa choo.

USIKU WA MVUA

Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani, tukalima viazi na vitunguu pamoja. Chumba changu na cha wazazi vinatengwa na ukuta wa mbao. Njo hapo nilianza kusikia: mlango, hatua, kimya kirefu huko nje, hatua, mlango. Mara 4, mara 5 kwa usiku mmoja. Nikamuuliza. Akajibu, "Mutoto wangu, ni uzee tu. Ukifika miaka yangu utaona." Alikuwa na miaka 67.

Siku nyingine akanitania: "Enjenia, uko na dawa ya viazi, uko na dawa ya kahawa. Na dawa ya muzee je?" Alikuwa anacheka, lakini lilikuwa swali la kweli. Na mimi, badala ya kumpeleka kwa muganga, nikaingiwa na fahari ya masomo yangu. Nikamwambia, "Baba, dawa iko hapa hapa mlimani." Nikatafuta gome, mama akalichemsha, baba akanywa asubuhi na jioni. Akasema anasikia nafuu. Labda ilikuwa kweli, labda alikuwa ananipa heshima tu. Tulikaa hivyo miezi 8.

Kisha ikaja wiki ya baridi na mafua. Baba akanunua vidonge kwenye farmasi ndogo ya sokoni, vile vinavyokausha pua, akameza siku 2. Usiku wa pili mama akanigongea ukuta. Nilimkuta baba amesimama nje kwenye mvua, ameshika ukuta wa choo, jasho linamtoka. "Mukojo imekatala," akasema. "Inakuja, lakini haitoke." Tumbo lake, chini ya kitovu, lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Mtu niliyemzoea akibeba gunia la viazi begani bila neno, alikuwa analia.

Tulipanda pikipiki saa 9 ya usiku, baba katikati yangu na dereva. Kila shimo la barabara alilipokea kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Butembo tulifika jua linatoka. Muuguzi mmoja kijana, wa umri wangu, akamwingizia sonda, yaani mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni. Ulitoka mkojo wa lita 1 na nusu. Kibofu cha mtu mzima kikifikia karibu nusu lita tu, mtu tayari anatafuta choo kwa haraka. Baba akashika mkono wa kijana yule akamwambia, "Aksanti, baba."

Nilifurahi mapema. Damu ilipopimwa, dokta akaniita pembeni: figo za mzee zilikuwa zimeanza kuchoka. Na hazikuchoka usiku ule mmoja. Zilichoka polepole, miezi ile ambayo mkojo ulikuwa unabaki ndani. Miezi ile ya chai yangu ya gome.

Nilimlinda baba hospitalini wiki kadhaa, na kila jioni nilimuuliza dokta maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kuandika utangulizi wangu ule mzuri. Nawaletea majibu kwa lugha ya nyumbani.

1. TEZI HII NI NINI?

Prostati, kwa Kiswahili cha vitabu tezi dume, ni kiungo cha wanaume tu. Iko chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Fikiria kiazi kidogo kabisa cha mbegu. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Shida haiko kwenye kazi yake. Shida iko mahali inapokaa. Njia ya mkojo, ikitoka kibofuni, inapita katikati ya tezi hiyo kama uzi unavyopita ndani ya ushanga. Ushanga ukinenepa kuelekea ndani, uzi unabanwa.

2. KWA NINI INAKUA?

Mwanaume akipita miaka 40, sehemu ya ndani ya tezi, ile inayozunguka njia ya mkojo, huanza kukua taratibu. Sababu kubwa ni 2: umri, na homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Ndani ya tezi, homoni hiyo hugeuzwa kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, na hiyo ndiyo inayoamuru chembe za tezi ziongezeke. Wanaochunguza tezi kwa darubini wanaona ukuaji huo kwa karibu nusu ya wanaume wanaofika miaka 60, na kwa 8 au 9 kati ya 10 waliopita miaka 80. Unene wa mwili, kukaa bila mazoezi, na kuwa na baba au kaka aliyeugua huongeza uwezekano wa kusumbuliwa.

Hesabu hiyo itulize roho za watu. Jambo linalowapata karibu wanaume wote wakizeeka haliwezi kuwa adhabu ya uzinzi, wala laana ya ukoo, wala kazi ya jirani mwenye wivu. Kwetu nimesikia hayo yote 3, na moja nililisikia kutoka kwa shangazi yangu, akisimama kando ya kitanda cha baba.

Jambo jingine: ukubwa wa tezi na ukubwa wa mateso haviendi pamoja kila mara. Kuna mwenye tezi kubwa anayekojoa bila taabu, na mwenye tezi iliyokua kidogo tu lakini halali usiku. Kwa hiyo kinachotangulia ni kumsikiliza mgonjwa, kisha mashine.

3. NDANI KUNATOKEA NINI?

Wenzangu wa kilimo wataelewa upesi. Una pampu, una mpira wa kumwagilia, na mtu amekanyaga mpira. Mwanzoni pampu inajikaza na maji yanafika. Ndivyo kibofu kinavyofanya: kinasukuma kwa nguvu zaidi, ukuta wake unanenepa, unakuwa mkali, unataka kutoa mkojo hata ukiwa kidogo. Hapo mzee anaanza kwenda chooni kila wakati.

Baadaye pampu inachoka. Kibofu hakimalizi tena kazi. Mkojo fulani unabaki ndani kila mara. Maji yanayosimama kwenye mfereji mnajua yanafanya nini: yanaoza, yanaleta uchafu. Mkojo unaosimama nao huleta maambukizi na mawe ya kibofu. Mwishoni msukumo unarudi nyuma, unapanda hadi kwenye figo, na figo zinaharibika bila kelele. Hakuna maumivu ya kukuamsha. Ndiyo maana baba aliweza kulima asubuhi akiwa na figo zilizoanza kuchoka.

4. MASWALI 7

Madaktari wana orodha ya maswali inayotumiwa duniani kote, na haihitaji mashine yoyote. Unamuuliza mzee juu ya mwezi uliopita:

- Mara ngapi ulisikia kibofu hakijaisha baada ya kukojoa?
- Mara ngapi ulirudi kukojoa kabla ya saa 2 kupita?
- Mara ngapi mkojo ulikatika na kuanza tena?
- Mara ngapi ulishindwa kuuzuia mpaka ufike chooni?
- Mara ngapi ulitoka bila nguvu?
- Mara ngapi ulilazimika kujikamua ili uanze?
- Usiku uliamka mara ngapi?

Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ni ya katikati, 20 hadi 35 ni kubwa. Nilimuuliza baba akiwa kitandani, akikumbuka mwezi wa kabla ya sonda. Tulipata 27.

Kuna swali la 8 linaloulizwa peke yake: kama ungebaki hivi maisha yako yote, ungejisikia namna gani? Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Rafiki yangu Muzee wa kule ngambo alikufa mwaka jana. Sikulala kwenye matanga yake. Batu balisema nina kiburi. Ilikuwa choo tu, mutoto wangu. Choo ilikuwa mbali."

Kwetu mtu asiyelala kwenye matanga ya rafiki yake amevunja kitu kikubwa. Baba alibeba aibu hiyo mwaka mzima, kuliko kutamka neno mkojo mbele yangu.

5. JE, NI KANSA?

Hapana. Ukuaji huu si kansa na haugeuki kuwa kansa. Kwa kawaida huanzia sehemu ya ndani ya tezi, na kansa mara nyingi huanzia sehemu ya nje. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, tena kansa ya tezi hiyo mwanzoni mara nyingi haina dalili. Kwa hiyo usimwambie mzee "ni uzee tu" kabla hajapimwa.

Tena si kila anayekojoa sana ana tezi iliyokua. Ugonjwa wa sukari hukojoza mtu usiku kucha. Kisonono cha ujana kisichotibiwa vizuri kinaweza kuacha kovu linalofinya njia ya mkojo. Maambukizi na mawe ya kibofu huleta dalili zinazofanana. Na ukiona damu ndani ya mkojo, kukonda bila sababu, au maumivu ya mifupa yasiyoisha, usingoje wiki iishe, umpeleke.

6. VIPIMO, NA KILE WAZEE WANAKIOGOPA

Mkojo unapimwa kutafuta maambukizi, damu na sukari. Damu inapimwa kreatinini, ambayo inaonyesha hali ya figo. Ekografia inapima ukubwa wa tezi, na jambo la maana zaidi, inapima mkojo unaobaki baada ya mtu kukojoa. Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hicho hakitoi hukumu: kinapanda kwa kansa, lakini kinapanda pia kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi, hata kwa sonda iliyowekwa karibuni. Dokta anakisoma pamoja na mengine.

Halafu kuna kidole. Dokta huvaa glavu, huipaka mafuta, na kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Haifiki dakika 1. Tezi iliyokua kawaida ni laini na sawasawa. Ikiwa ngumu au ina vinundu, dokta anatafuta zaidi. Baba alikataa siku ya kwanza. "Mimi nichunguzwe hivyo na mutoto?" Dokta hakubishana naye. Akavuta kiti, akasema, "Baba, mimi pia niko na muzee nyumbani. Yeye alikubali." Siku iliyofuata baba akakubali. Ekografia ilionyesha tezi ya gramu 96, karibu mara 5 ya ile ya kijana.

7. MATIBABU NI NGAZI 3

Ngazi ya kwanza ni tabia, na kwa shida ndogo inaweza kutosha kwa miaka. Mzee anywe maji yake mchana, apunguze saa 2 au 3 kabla ya kulala. Apunguze kahawa na pombe, hasa jioni. Asizuie mkojo. Akimaliza kukojoa angoje kidogo, kisha ajaribu tena. Apiganie kupata choo laini, sababu haja kubwa iliyokauka inabana zaidi. Na mlinde na dawa za mafua zinazokausha pua, na dawa za mzio zinazoleta usingizi: baadhi yake hukaza shingo ya kibofu au hulegeza nguvu ya kusukuma. Vidonge vile vya sokoni njo vilimaliza kazi kwa baba. Mwenye farmasi hakumuuliza umri, na baba hakujua kama alipaswa kusema.

Ngazi ya pili ni vidonge vya dokta, na viko vya aina 2. Aina ya kwanza, kama tamsulosini na alfuzosini, hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi. Nafuu huja ndani ya siku chache, lakini tezi haipungui. Vinaweza kuleta kizunguzungu mtu akisimama haraka, kwa hiyo mzee aikae kwanza kitandani, kisha asimame. Akienda kupasuliwa mtoto wa jicho, amwambie dokta wa macho kwamba anavitumia. Aina ya pili, kama finasteridi na dutasteridi, hupunguza tezi yenyewe kwa karibu robo, lakini inataka subira ya miezi 6 au zaidi. Kwa wengine hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na hushusha kipimo cha PSA hadi karibu nusu, jambo ambalo dokta lazima alijue. Mwanamke mwenye mimba asishike vidonge hivyo vikiwa vimevunjika.

Kwa tezi kubwa aina zote mbili hupewa pamoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2003, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba kuziunganisha kulipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66, ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa.

Ngazi ya tatu ni upasuaji. Unafanywa ikiwa mkojo unakataa tena na tena, figo zinaharibika, kuna mawe, maambukizi hayaishi, damu haikomi, au vidonge vimeshindwa. Njia moja ni kuingiza chombo chembamba kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama inayobana, bila kupasua tumbo. Nyingine, kwa tezi kubwa sana au mahali ambapo chombo hicho hakipo, ni kupasua chini ya kitovu na kutoa nyama ya ndani, kama unavyotoa nyama ya chungwa na kuacha ganda. Baba alifanyiwa hiyo ya pili, baada ya kungoja na sonda mpaka figo zipumue.

Hapa niseme lile ambalo wazee wetu hunong'ona: "Wanakukata uanaume." Hapana, hawagusi hapo. Nguvu za kiume kwa wengi zinabaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba majimaji ya tendo la ndoa yanarudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Anayetaka bado kuzaa amwambie dokta mapema. Na kwa kuwa ganda linabaki, mzee aendelee kupimwa, sababu kansa inaweza kuja kwenye ganda hilo.

8. NA LILE GOME JE?

Sitaki kulisingizia. Mwaka 1966 ilitolewa hati ya uvumbuzi Ufaransa kwa dawa iliyotengenezwa na gome hilo, na tangu hapo milima ya Kameruni, Madagaska, Kenya, Uganda na ya kwetu imechunwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya. Miti mingi ilikufa, sababu anayechuna gome kuzunguka shina lote anaukata mti njia ya chakula. Tangu mwaka 1995 mti huo uko chini ya mkataba wa CITES, na biashara yake ya nje inataka kibali.

Je, linasaidia? Kuna uchambuzi uliokusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Ulikuta kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na nguvu ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Si bure. Lakini majaribio mengi yalikuwa madogo, na hata lile refu lilichukua miezi 4 hivi. Hapo huwezi kujua kama linamkinga mtu asije akazibwa mkojo. Tena kilichopimwa pale ni dawa yenye kipimo kinachojulikana. Sufuria ya mama haikuwa na kipimo.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa gome. Nilimpa baba dawa kabla ya kujua ana ugonjwa gani, umefika wapi, na figo zake ziko namna gani. Katika shamba nisingethubutu. Mkulima akija na jani la njano, tunamuuliza udongo, maji, mbegu, wadudu, ndipo tunataja dawa. Kwa baba yangu mwenyewe niliruka yote hayo.

9. SASA TUFANYE NINI?

Usimuulize mzee wako, "Uko na shida ya mkojo?" Atasema hapana. Muulize, "Baba, usiku unaamka mara ngapi?" Hilo ni swali la usingizi, halina aibu. Wewe binti usiyeweza kumuuliza baba, muulize mama. Yeye njo anasikia mlango. Au mtume kaka yako, au baba mdogo. Akiamka mara 2 au zaidi kila usiku, endelea na yale maswali mengine, kisha mpeleke.

Na ikitokea usiku mmoja mkojo umekataa kabisa na tumbo linauma, hiyo haingoji asubuhi. Usimnyweshe maji mengi eti yasukume. Usimpe dawa ya kukojoza. Umpeleke mahali wanapoweza kuweka sonda, saa hiyo hiyo.

Juu ya pesa nawaambia wazi, sababu wengi tunakwama hapo. Kumwona dokta, ekografia na vipimo vya damu vingetugharimu bei ya mbuzi. Kwa kuchelewa tulilipa ng'ombe 1 na nusu ya mavuno ya viazi, na deni moja bado ninalo.

Baba sasa anaamka mara 1 tu kwa usiku, mara nyingine hata hiyo hakuna. Figo zimepata nafuu lakini hazikurudi kama zamani. Kila miezi 3 tunashuka Butembo kupima kreatinini, na ndivyo itakavyokuwa. Ile miezi 8 hairudi.

Mwezi uliopita kulikuwa na matanga ngambo ya pili, kwa mjane wa yule rafiki yake. Baba alichukua blanketi lake, akaenda, akalala huko usiku 2. Aliporudi nilimuuliza walimweka wapi. "Mbele," akasema, "karibu na moto, pamoja na bazee benzangu." Kisha akaniuliza kama nimeshapalilia vitunguu.

Leo jioni, kabla hujalala, umpigie mzee wako simu.